Mshipi wa Pwani ya Tanga

Mto Sigi, uanziao katika milima ya Amani, hushuka kupitia Amboni hata ukaingia baharini karibu na Tanga. Na wavuvi wa pwani hiyo, tangu zamani, walirusha mshipi kutoka ufuoni bila ya rili, yaani chombo cha chuma cha kukunjia mshipi. Zana zao zilikuwa kibao cha mti cha kukunjia, mshipi wa pamba, ndoana, chambo na chubwi ya risasi: mvuvi huulaza mshipi mchangani duara juu ya duara, akaizungusha chubwi kichwani mara mbili tatu, kisha akaiachilia, na ole wake aliyekanyaga duara moja, maana atakatwa kidole kabla hajasema lahaula.

Ama rili, mwaka 1905 Alfred Illingworth, Mwingereza, alisajili moja ambayo kigurudumu chake hutulia tuli mshipi unapotoka. Nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938, ikaifaa mno kwa mshipi.

Kwa maoni yangu, mwenye kuchagua rili kwa bahari yetu na aulize habari ya chumvi kabla ya bei, maana chumvi huila chuma. Kibao, taabu hiyo hakina: huangikwa ukutani kingali kikichuruzika maji.