Kirangozi wa Moyo

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, wageni hupelekwa kuona nyumba ya tembe ambamo msafiri Livingstone alisubiri wapagazi hadi Agosti 1872. Mimi pale humfikiria zaidi kirangozi, mtu aliyetangulia msafara na kuupa mwendo. Burton, msafiri mwingine aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba mpagazi hakuruhusiwa kumpita. Aliyempita alichomolewa mshale podoni uwe ushahidi, akatozwa faini mwisho wa safari ya siku ile.

Moyo nao una kirangozi. Ni fungu dogo la chembe hai katika ukuta wa chumba cha juu cha upande wa kulia, linalotoa amri ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia, na misuli yote hufuata. Fungu hilo likichoka, mgonjwa huwekewa kifaa ambacho watu wamekwisha kukiita betri. Kwa kifaa, sina ugomvi na neno hilo. Kwa kile tulichozaliwa nacho halitoshi, maana betri hutia nguvu tu, na kazi hapa ni kuongoza. Napendekeza tuseme kirangozi.

Uzee hupunguza chembe za kirangozi na kuacha makovu. Kisukari huyaharakisha hayo: sukari ikikaa juu miaka mingi huumiza mishipa midogo ya damu na neva zinazoharakisha au kupunguza mapigo, na kuta za vyumba vya juu hukakamaa. Hapo kila upande hutaka kutangulia. Vyumba hivyo hutetemeka mamia ya mara kwa dakika badala ya kusukuma, damu hutuama na kuganda, na bonge likipanda ubongoni ni kiharusi. Hali hii wengine wangeiita mpapatiko. Mimi nachagua mtetemo: kuku aliyechinjwa hupapatika kwa mapigo unayoweza kuyafuata kwa jicho, na huu haufuatiki.

Mshike mzee mkono, weka vidole viwili kwenye kifundo, upande wa dole gumba. Mapigo mazima huja kama hatua za watu waliozoea mzigo. Ya mtetemo huja mawili ya haraka, kimya, moja hafifu, kisha matatu yanayosukumana. Ukimuuliza, atakuambia moyo unaruka, au kwamba ni uzee tu. Tafadhali usiupokee uzee kama jibu, mpeleke akapimwe.

Na dawa za kisukari zikishusha sukari mno, moyo hudunda mbio na jasho hutoka: ndiyo kengele. Kwa aliyeishi na kisukari muda mrefu, neva zikiwa zimechoka, kengele huenda isilie. Mzee huchanganyikiwa ghafla, na nyumbani wakadhani ni usahaulifu. Ndiyo sababu daktari anaweza kupunguza dozi ya dawa hizo kwa mgonjwa mwenye umri mkubwa, ingawa familia hushangaa.

Moyo ukienda polepole mno, betri hupandikizwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa mzee wa Kwihara hiyo ni safari ya kuelekea pwani, na akipanda treni, reli itampitisha karibu na njia ile ile ya misafara.