Kamera ya Kwenda Majuu Ni ya Anayebaki Nyumbani

Kila mwaka ikikaribia Agosti naanza kupata meseji za aina moja: "Tunaenda majuu na familia, tununue kamera gani?" Mwaka huu swali limeingia mpaka kwenye grupu ya familia yetu wenyewe, maana wazazi wangu wamepata visa ya kwenda Minnesota kumwona mtoto wa dadangu. Binamu yangu anataka kamera ya bei kali yenye lenzi za kubadilisha. Mjomba anasema kamkoda. Ndugu yangu mdogo anasema jameni, simu iko, shida iko wapi? Na kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kamera", nimeambiwa niamue.

Kabla sijaamua, wacha niwape historia kidogo, kwa sababu naona wengi wetu tunauliza swali lenyewe kwa upande usiofaa. Tunauliza kamera itakayomfaa anayesafiri. Lakini ukifuatilia hivi vifaa tangu mwanzo, anayeteseka siku zote ni yule aliyeachwa nyumbani akisubiri kuona. Kwetu huyo ni shosho. Miguu yake haiwezi tena masaa ya ndege, na kitukuu chake hajakiona isipokuwa kwa simu inayokatika kila dakika mbili.

Tuanze 1888. George Eastman wa Rochester, Marekani, alitoa kamera aliyoiita Kodak: boksi dogo la dola 25, ndani kuna filamu ya picha 100 tayari. Ukimaliza unarudisha kamera nzima kiwandani, unalipa dola 10, wanakuoshea picha, wanaweka filamu mpya na kukurudishia. Watu hupenda hadithi hii kwa sababu ya kitufe, ati sasa mtu yeyote anaweza kupiga picha. Mimi naipenda kwa sababu ya zile dola 10. Eastman alielewa kwamba kubonyeza ni kazi ndogo sana. Kazi ni picha ifike mezani, watu waishike. Mwaka wa 1900 akaleta Brownie ya dola moja, na hapo hata watoto wakaanza kubeba kamera likizoni.

Sasa, wakati huo majuu ya hao watu ilikuwa ni hapa kwetu. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Walikuja kuwinda kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na mpigapicha wa msafara alikuwa huyo Kermit. Kwa hiyo moja ya safari maarufu zaidi kuwahi kupita nchi hii ilikuwa, ukiitazama vizuri, baba na mtoto wako ng'ambo na kijana ndiye amebebeshwa kamera. Si mnaijua hiyo? Picha zake ziliingia kwenye kitabu cha babake cha 1910, Wamarekani wakaziona wakiwa wameketi kwao. (Wapagazi waliobeba ile mizigo yote, hiyo ni stori ya siku nyingine, na nitaiandika.)

Eastman naye alikuja. Mwaka 1923 kampuni yake ilitoa Ciné-Kodak, kamera ya sinema ya filamu ya milimita 16 iliyokusudiwa familia. Filamu za kumbi za sinema wakati huo zilishika moto kama petroli, lakini hii ilikuwa ya aina salama, ungeweza kuiweka kabatini ulale. Seti iliuzwa dola 335, na ndani yake kulikuwa na kamera, stendi, mashine ya kuonyeshea na pazia. Pazia! Yaani walikuuzia kamera pamoja na mahali pa kutazamia. Mwaka 1926, akiwa na miaka 71, Eastman akasafiri mwenyewe hadi Kenya na kukutana na Martin na Osa Johnson, wale mume na mke waliokuwa wakiishi kando ya Ziwa Paradise kule Marsabit wakirekodi wanyama, tena kwa msaada wa pesa zake. Lakini dola 335 za 1923 ni pesa ya wenye nazo.

Iliyoleta sinema kwa familia za kawaida, huko Marekani na Ulaya, ni Super 8 ya 1965. Filamu ilikuwa ndani ya katriji ya plastiki, unaisukuma tu ndani, huwezi kuikosea. Katriji moja ilichukua dakika 3 na sekunde 20 hivi. Hebu piga hesabu: familia inaenda wiki tatu, inabeba katriji sita, inarudi na dakika 20. Mimi nina video moja ya kupika chapati ndefu kuliko hiyo. Na sauti hakuna, mpaka 1973. Lakini nimetazama nyingi za hizo filamu mtandaoni na nitasema ukweli: zinatazamika kuliko vitu vyetu. Mtu akijua ana dakika tatu, hapigi lami ya uwanja wa ndege. Anangoja mtoto acheke.

Halafu ikaja kanda ya sumaku, na hapa ndipo mambo yaliharibika kwa aliyebaki nyumbani.

Mwaka 1983 Sony ilitoa Betamovie, kamera na rekoda ndani ya mwili mmoja. Shida ilikuwa haichezi ulichorekodi. Ilirekodi tu, ukitaka kuona urudi nyumbani kwenye deki. Mwaka uliofuata JVC wakaleta GR-C1, ile nyekundu na nyeusi iliyo kwenye filamu ya Back to the Future. Kanda yake, VHS-C, ilikuwa ndogo na fupi, dakika 20 hadi 30, lakini unaichomeka kwenye kifuko cha ukubwa wa kanda ya kawaida na inaingia deki yoyote ya VHS, hata ya jirani. Mwaka 1985 ikaja kanda ya milimita 8: ndogo zaidi, saa moja na nusu au zaidi, picha safi. Lakini haikuingia deki ya mtu yeyote. Kuitazama ni lazima uunganishe kamera yenyewe na TV kwa waya.

Basi familia inayosafiri ichague: kanda fupi ambayo nyumbani wataitazama bila wewe, au kanda ndefu inayokuhitaji wewe na kamera yako?

Jibu la soko lilitoka Japani. Serikali huko ilikuwa imeweka mpango mwaka 1987 wa kufikisha watu milioni 10 wanaosafiri nje kwa mwaka, na 1990 walifika. Katikati hapo, 1989, Sony ikatoa Handycam CCD-TR55 ya gramu 790 na kuitangaza kwamba ni ndogo kama pasipoti. Pasipoti, jamani! Hawakuficha inauzwa kwa nani. Ilikuwa kamera ya mtu anayepanda ndege, na iliuzika vibaya sana. Kamera za milimita 8 zikawa ndizo za safari.

Sasa nije kwetu. Shangazi yangu alienda Marekani miaka ya tisini, akaolewa huko, akatuma kanda ya VHS ya harusi. Nimesimuliwa mara nyingi, mimi sikuwa nimezaliwa. Deki ilikodishwa, majirani wakaja, chai ikapikwa. Sauti ilisikika. Picha ilipanda na kushuka kama pazia, haina rangi, haitulii. Fundi akaitwa, akafungua deki, hakuona kitu. Shosho aliisikia harusi ya bintiye kama redio.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Marekani walitumia mfumo wa NTSC, mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde, kwa sababu umeme wao ni wa hezi 60. Sisi tulifuata Ulaya: PAL, mistari 625, picha 25, umeme wa hezi 50. Kanda kwa macho ni ileile, inaingia mlangoni bila shida, lakini TV haielewi inachoambiwa. Ni watu wangapi walibeba kamkoda ya Marekani ikiwa zawadi kubwa ya maisha yao bila kuambiwa hivyo dukani?

Mwaka 1998 shangazi alikuja nyumbani na watoto na kamera ya milimita 8. Alimrekodi guka akieleza mipaka ya shamba na nani alipanda mti upi. Kamera ikarudi naye, kanda tatu zikabaki hapa kwenye mkebe wa biskuti kwa sababu guka alisema ni zake. Guka amekufa. Ile kamera ilishaharibika zamani. Na kwa kuwa kamera ndiyo ilikuwa deki, kanda zimebaki yatima. Hata upande wa VHS, Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki Julai 2016. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya mwaka 2015 kwamba kanda ambazo hazitakuwa zimehamishwa kufikia 2025 nyingi zitapotea. Huo mwaka ulikuja. Kama kwenu kuna mkebe kama huo, tafuta fundi leo. Usingoje Krismasi.

Kati ya hapo na leo siwezi kukawia sana. MiniDV ya 1995 ilikuwa tamu lakini bado kanda. Flip ya 2007 ilikuwa na kitufe kimoja na USB inayochomoka ubavuni, na kwangu ni kamera ya familia yenye akili kuliko zote. Cisco ilinunua kampuni yake kwa dola milioni 590 mwaka 2009 na kuifunga 2011, simu zikiwa zimeshaanza kurekodi.

Kwa hiyo wazazi wangu. Kamera ya binamu siitaki: nzito, na lenzi mtu atamrudia nani akiiangusha. Simu watabeba, lakini simu mpya hurekodi kwa mfumo ambao TV ya shosho, yenye umri wake, haifungui kutoka kwenye flashi, na WhatsApp itaikamua picha mpaka uso wa mtoto uwe ukungu. Mjomba ameshinda, ingawa sababu zake zilikuwa za mazoea tu. Nimechukua kamkoda ndogo ya mtumba, ya memori kadi, yenye mkanda wa mkononi na kitufe kimoja chekundu ambacho baba anakijua. Nimeiweka irekodi MP4 ya 1080. Nimejaribu faili yake kwenye TV ya shosho kabla ya kulipa, muuzaji alinishangaa. Kwenye menyu bado kuna PAL na NTSC, miaka yote hii, na nimeiweka NTSC kwa sababu taa za kule kwa hezi 60 zinaweza kupepesa picha ukirekodi kwa 25. Faili ikirudi itacheza hapa, tofauti na kanda ya shangazi. Nimejaribu hiyo pia. Chaja inakubali volti 100 hadi 240, plagi tu ndiyo tofauti. Betri za akiba ziende ndani ya ndege, si kwenye begi la chini.

Nimempa baba sheria moja ya Super 8: asizidishe dakika tatu kwa siku. Na kadi ni mbili. Moja inarudi kwenye mfuko wa baba, nyingine kwenye mkoba wa mama.