Herufi iliyoifungia filamu ya Sembène

Mwaka 2027 filamu ya Ceddo itatimiza miaka 50. Vijana wengi wanaosomea sinema hawajui kwamba nchini Senegali filamu hiyo ilipigwa marufuku, na kwamba sababu iliyotolewa ilikuwa herufi moja tu.

Mwongozaji wake, Ousmane Sembène, alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mtoto wa mvuvi. Alibeba mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya, na akikaribia miaka 40 akaenda Moscow kujifunza sinema, kwa kuwa wale aliowaandikia hawakusoma Kifaransa. Borom Sarret ilitoka 1963, La Noire de… 1966, zote bado kwa Kifaransa. Mandabi ya 1968 ndiyo iliyosema Kiwolofu. Kisa chake kilifika kwetu: Amandina Lihamba alikifanya tamthilia, Hawala ya Fedha, ya mzee aliyetumiwa fedha kutoka Paris akashindwa kuzichukua kwa kukosa kitambulisho.

Ikaja Ceddo, jina la watu waliokataa kuachishwa mila zao. Rais Léopold Sédar Senghor, mshairi aliyebobea katika sarufi, alishikilia kuwa jina hilo liandikwe kwa d moja, kama kanuni za serikali yake zilivyotaka. Sembène akakataa. Kiwolofu hakikuwa kitu cha kuazima kwake. Tangu 1971 yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walikuwa wakitoa Kaddu, gazeti la lugha hiyo. Kiwolofu hukaza konsonanti, na mkazo huo hutenganisha maneno, kama irabu moja inavyotenganisha kufa na kufaa kwetu. Nani angekubali irabu hiyo ifutwe kwa amri ya ikulu? Gazeti la mwanahistoria Cheikh Anta Diop, Siggi, lilikumbwa na ubishi huohuo wa tahajia, likaishia kubadili jina. Sembène angeweza kufuta d moja, kibali kikawa mikononi. Hakufuta.

Wengi waliona tahajia ni kisingizio. Filamu inaonyesha imamu akisilimisha kijiji kwa nguvu, kisha binti mfalme akimuua kwa risasi. Katika nchi ya Waislamu wengi, hilo lilitosha kuitia serikali hofu. Huenda. Lakini mimi siidharau ile d. Ceddo ilibaki imefungiwa mpaka baada ya Senghor kung'atuka mwishoni mwa 1980.

Baadaye zilikuja Camp de Thiaroye, Guelwaar na Faat Kiné, halafu Moolaadé ya 2004, iliyotuzwa Cannes. Alifariki Dakar mwaka 2007.

Filamu ya maisha yake iliyotengenezwa na Samba Gadjigo na Jason Silverman mwaka 2015 inaumiza kuitazama: mikebe ya filamu za mzee huyu imeshika kutu ndani ya nyumba yake. Nyaraka zake leo ziko Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, mbali na watoto wa Dakar. Nyumba yenyewe, kando ya bahari, aliiita Galle Ceddo. Kwa d mbili.