Kimo cha Mtoto: Kazi Iliyoanza Mwaka 1759

Kadi ya kliniki tunayoitunza nyumbani ina historia ndefu. Nchini Ufaransa, Philibert de Montbeillard alimpima mwanawe kimo tangu alipozaliwa mwaka 1759 hadi 1777. Ilionekana kuwa mtoto hukua haraka sana mwanzoni, kisha pole pole, halafu hurefuka tena kwa kasi anapobaleghe.

Kati ya 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman, walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Hadi umri wa miaka 5 walikua karibu sawa, ingawa asili zao ni mbalimbali. Viwango hivyo vilitolewa mwaka 2006.

Basi tusimwite mtoto mbilikimo, wala tusikimbilie kusema ni urithi tu. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Mstari wake ukipanda sambamba na ile ya kwenye kadi, huenda amefuata wazazi wafupi. Ukilala, tumpeleke hospitali mapema. Lishe duni, maradhi ya tumbo au ya tezi hutibika, lakini mifupa ikishafunga, kimo hakiongezeki tena.