The Pitt

The Pitt ni tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu idara ya dharura ya hospitali ya kubuni mjini Pittsburgh, Pennsylvania. Iliundwa na R. Scott Gemmill na kuanza kuonyeshwa Januari 2025 kupitia huduma ya utiririshaji ya Max.

Msimu wa kwanza una sehemu 15, na kila moja ni saa moja ya zamu ileile. Ubora wake mkubwa umo hapo: mtazamaji huona uchovu ukiwaingia madaktari na wauguzi kidogo kidogo, huku wagonjwa wakirundikana mapokezi kwa kukosa vitanda wodini. Muziki ni haba. Zinazosikika zaidi ni sauti za mashine na za watu.

Noah Wyle, aliyecheza kama John Carter katika tamthilia ya hospitali ya ER, humwigiza Dkt. Michael Robinavitch, maarufu kama Robby, ambaye bado anamwomboleza mwalimu wake aliyefariki wakati wa UVIKO-19. Septemba 2025 tamthilia hiyo ilishinda tuzo ya televisheni ya Emmy ya tamthilia bora. Wyle na Katherine LaNasa, anayeigiza muuguzi kiongozi Dana Evans, nao walituzwa. Msimu wa pili ulianza Januari 2026.