Kichina kwa herufi zetu: zilifikaje pale ubaoni?

Muhula huu nimejiongezea mzigo juu ya masomo yangu ya ualimu: darasa la Kichina kwa wanaoanza, jioni mara mbili kwa wiki. Tumo watu wazima watupu, wakiwemo wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou. Mwalimu anatuandikia kwanza kwa herufi za Kilatini, halafu ndio zinakuja zile alama zenyewe. Mfumo huo unaitwa pinyin. Ukiandika mā ni mama, mǎ ni farasi, kwa hiyo angalia sauti yako bwana! Sasa mimi mtu wa historia nikaanza kuuchimba.

Walioanza kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini walikuwa wageni. Mmisionari Mwitaliano, Matteo Ricci, alijaribu mwaka 1605. Mwaka 1867 mwanadiplomasia Mwingereza, Thomas Wade, akatoa kitabu chenye mfumo wake, na Herbert Giles akaurekebisha mwaka 1892. Ndiyo maana vitabu vya zamani vinaandika Mao Tse-tung, na vya leo Mao Zedong.

Ila pinyin ni kazi ya Wachina wenyewe, na hapo ndipo pananigusa kama mwalimu mtarajiwa. Mwaka 1949 Wachina walio wengi, hasa wakulima, hawakujua kusoma. Kusoma gazeti kunataka alama kama elfu mbili au tatu. Mtoto ana miaka ya kuzikariri. Je, mtu mzima aliyetoka shambani amechoka? Wapo wasomi waliosema alama zifutwe kabisa.

Mwaka 1955 akaitwa Beijing bwana Zhou Youguang. Huyu alikuwa mchumi, aliwahi kufanya kazi ya benki New York, na mambo ya lugha alijisomea tu pembeni. Alikuwa na miaka 49! Yeye na wenzake wakahangaika miaka 3, na tarehe 11 Februari 1958 bunge likaipitisha pinyin. Mzee alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 111.

Alama hazikufutwa. Nyingine zilirahisishwa tangu 1956, na pinyin ikawa ngazi ya kuzifikia. Mwanafunzi anapanda, anafika, ngazi inabaki kwa anayekuja nyuma.

Sasa jamani, tujiangalie na sisi. Kiswahili nacho kilikuwa na maandishi yake kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka una mswada wa mwaka 1728. Wakoloni wakaja na Kilatini shuleni, nasi tukahamia huko moja kwa moja. Faida tuliiona: Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, herufi hizo chache ziliwafaa sana wazee wetu. Lakini sisi hatukuachiwa ngazi ya kurudia kule. Maktaba yetu hapa Mlimani imehifadhi miswada mingi ya zamani, Kiswahili kabisa, na wengi wetu tukiifungua tunabaki kuangalia kama picha.

Mimi naona tunaosomea ualimu tuna deni hapo. Kama jioni tunapata muda wa kujifunza alama za Beijing, za Lamu na Pate zitatushinda? Nani yuko tayari tutafute mwalimu? Nisemeni.