Rais Ambaye Kazi Yake Ilikuwa Kuondoka

Wasee, tuanze na hesabu ya nyumbani. Agosti 1978, Mzee Kenyatta alipofariki, katiba ya wakati huo ilimpa makamu wake, Daniel arap Moi, siku 90 za kukaimu urais. Siku 90 tu. Ulipofika wakati wa kuchagua rais, hakuna aliyempinga, na Moi akaondoka ofisini Desemba 2002. Hiyo ni miaka 24.

Ndiyo maana nikisikia mtu akiitwa "rais wa mpito" mimi hushtuka kidogo. Kiti cha muda kina tabia ya kuota mizizi. Lakini kuna mzee mmoja wa Peru aliyenifanya nilifikirie neno hilo upya. Anaitwa Francisco Sagasti. Aliingia ikulu ya Lima tarehe 17 Novemba 2020, akatoka tarehe 28 Julai 2021, siku ileile aliyosema atatoka. Na stori yake inatuhusu sisi Gen Z, kwa sababu vijana ndio waliomfungulia mlango, ingawa si wao waliomchagua.

Kwanza, ni nani huyu? Sagasti alizaliwa Lima mwaka wa 1944. Ni injinia aliyesomea kwao, kisha akaenda Marekani akarudi na shahada ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Maisha yake mengi yalikuwa ya utafiti, vitabu na mipango, na kwa muda alisimamia mipango ya kimkakati katika Benki ya Dunia. Desemba 1996 alikuwa kwenye karamu katika makazi ya balozi wa Japani mjini Lima, wapiganaji wa kundi la MRTA wakavamia na kuteka mamia ya wageni. Yeye aliachiliwa baada ya siku chache. Wengine 72 walikaa mle ndani zaidi ya miezi minne.

Siasa za vyama alizianza uzeeni. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama kidogo kinachoitwa Partido Morado, yaani Chama cha Zambarau. Januari 2020, akiwa na miaka 75, aligombea ubunge na akashinda. Kumbuka hiki kiti cha ubunge, tutakirudia. Rais Martín Vizcarra alikuwa amevunja Bunge Septemba 2019, kwa hivyo hawa wabunge wapya walikuja kumalizia muhula wa wenzao tu. Mwaka mmoja na nusu hivi, basi. Ni kazi ambayo mwanasiasa mwenye tamaa angeipita bila kugeuka.

Sasa ingia Novemba 2020. Peru imepigwa na korona vibaya mno. Tarehe 9, Bunge linamtimua Vizcarra kwa kura 105 kati ya 130, likisema hafai kimaadili kwa sababu ya madai kwamba alikula rushwa alipokuwa gavana. Yeye aliyakana. Makamu wa rais hakuna, kwa hivyo katiba yao inampa urais mkuu wa Bunge, Manuel Merino. Kesho yake huyo, ameshaapishwa.

Wananchi wengi hawakuwa wakimlilia Vizcarra kama malaika. Walichokiona ni Bunge linalojigawia ikulu katikati ya janga. Vijana wakajaa barabarani Lima, Cusco, Arequipa. Walipanga mambo kwa simu, wakafundishana mtandaoni jinsi ya kuzima vitoa machozi, na waliobaki nyumbani wakagonga sufuria madirishani. Usiku wa tarehe 14, vijana wawili waliuawa Lima. Mmoja alikuwa na miaka 22, mwingine 24. Kesho yake Merino akajiuzulu. Hakumaliza hata wiki.

Sisi tulioona Juni 25, 2024 tunajua kitu hicho kinavyokaa kifuani. Sihitaji kueleza.

Lakini hebu tulia hapa, maana ndipo mimi hukwama. Merino ameenda. Kiti kiko wazi. Nani anaamua atakayekalia? Wabunge. Walewale. Barabara iliweza kumtoa mtu, lakini haikuweza kumweka mtu. Wakatafuta miongoni mwao sura ambayo wananchi wangeweza kuivumilia, na hapo ndipo kiti kile kidogo cha ubunge kikawa na maana. Partido Morado kilikuwa na wabunge 9 tu, na ndicho chama pekee ambacho wabunge wake wote walikataa kumtimua Vizcarra. Tarehe 16, Sagasti alichaguliwa kuongoza Bunge kwa kura 97, na kwa njia hiyo akawa rais. Nchi ilikuwa imepata rais wa tatu ndani ya siku tisa.

Alipohutubia Bunge baada ya kuapishwa, mzee aliwaomba msamaha wazazi wa wale vijana kwa niaba ya dola. Soma tena hiyo sentensi. Hakusema uchunguzi unaendelea, hakusema walilipwa na watu wa nje. Aliomba msamaha.

Sitaki mumwone mtakatifu, kwa sababu hakuwa. Alipojaribu kubadilisha uongozi wa polisi, purukushani ikazuka na ndani ya wiki chache alikuwa amepitia mawaziri watatu wa usalama wa ndani. Wafanyakazi wa mashamba makubwa ya kusafirisha mazao nje walifunga barabara kuu wakidai mishahara ya haki, Bunge likafuta sheria waliyoipinga, lakini humo pia polisi walipiga risasi na watu wakafa. Februari 2021 ikajulikana kwamba wakubwa kadhaa, Vizcarra akiwemo, walikuwa wamechanjwa kisiri kabla ya wauguzi kupata chanjo. Mawaziri wawili wa Sagasti, wa afya na wa mambo ya nje, waliondoka.

Ila kuna jambo moja alilolifanya ambalo naliheshimu sana. Mwisho wa Mei 2021 serikali yake ilitangaza kwamba imehesabu upya waliokufa kwa korona. Hesabu ya zamani ilikuwa 69,342. Mpya ilikuwa 180,764. Usiku mmoja Peru ikawa nchi yenye vifo vingi zaidi duniani ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Serikali gani hujiaibisha hivyo kwa hiari? Labda ile ambayo rais wake hatafuti kura.

Halafu ukaja mtihani wenyewe. Juni 2021, Pedro Castillo, mwalimu wa shule ya msingi kutoka mashambani, alimshinda Keiko Fujimori kwa takriban kura 44,000 kati ya zaidi ya milioni 17. Keiko akadai wizi. Wanajeshi wastaafu wakaandika barua wakitaka jeshi lisimtambue Castillo. Mtu mwingine angeona hapo mwanya: nchi imegawanyika, acha nikae kidogo mpaka mambo yatulie. Sagasti aliilaani barua ile hadharani, akasubiri tume imalize kazi, na tarehe 28 Julai, siku Peru ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, akavua utepe wa urais akaenda zake. Kabla yake, Valentín Paniagua alikuwa amefanya hivyohivyo: alipokea nchi Novemba 2000 baada ya Alberto Fujimori kukimbilia Japani, akaandaa uchaguzi, akaondoka Julai 2001.

Je, Peru ilipona? Hapana. Castillo alijaribu kuvunja Bunge Desemba 2022, akaondolewa na kukamatwa. Makamu wake, Dina Boluarte, akachukua nafasi, na makumi ya waandamanaji wakauawa. Oktoba 2025 naye akatimuliwa na Bunge, huku vijana wako tena barabarani Lima. Miezi minane ya mzee mwaminifu haikutosha kuibadilisha nyumba ambayo chama chake kilikuwa na viti 9 kati ya 130.

Kwa hivyo kila nikisikia mtu akisema "lazima waende", mimi huuliza: halafu? Katiba yetu, kifungu cha 146, ina jibu. Rais akiondoka, naibu anaingia. Naibu naye asipokuwepo, Spika wa Bunge la Taifa anakaimu, na uchaguzi unafanyika ndani ya siku 60. Huyo Spika anachaguliwa na wabunge. Na wabunge tunawachagua sisi, wengi wetu bila hata kujua majina yao, kwa sababu macho yote yako kwa urais.

Vijana wa Peru walilipa damu ili mlango ufunguke. Bahati yao ni kwamba nyuma ya mlango ule kulikuwa na angalau watu tisa waliokataa, na mmoja wao alijua kuondoka. Mbunge wako ni nani? Jibu kabla ya 2027.